Medali za babu aliyekuwa keya: tuandike nini kwenye kitabu cha ukoo?

Kitukuu_wa_Keya

Wakuu, salaam. Tunaandaa kitabu cha ukoo. Marehemu babu alikuwa keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi 1946, akafariki 1983. Vilivyobaki ni nyota mbili, medali moja ya mviringo, na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokatika kwenye mikunjo. Kwenye cheti panasomeka "36 (TT) KAR" na namba ambayo mwanzo wake umefutika. Wazee wanasema alipigana Uhabeshi na Burma, wengine wanaongeza Bukini (Madagaska). Medali hazina jina lake. Kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile CWGC, jina halipo. Tuandike lipi lenye uhakika? Na cheti tukipige laminesheni?

Mtunza_Nyaraka

Nianze na cheti, maana hilo likikosewa halirudi. Usikipige laminesheni. Joto la mashine na gundi ya plastiki vinaingia ndani ya karatasi, na hakuna namna salama ya kuvitoa. Usiunge mikunjo kwa selotepu pia; baada ya miaka inageuka njano, na gundi yake hula wino. Kilaze kwenye meza safi, kipige picha au ukiskani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, kisha kihifadhi kimenyooka katikati ya karatasi nyeupe safi ndani ya boksi lisilopata unyevu. Bahasha ya kaki ina asidi, iache.

Kwa namba iliyofutika, zima taa ya juu, shika tochi chini kabisa ubavuni mwa karatasi, na upige picha kutoka pande nne. Kalamu au taipu iliyokandamiza karatasi huacha bonde, na kivuli hulionyesha. Herufi za mwanzo ni sehemu ya namba. Ukiziacha unaweza kuangukia kwenye askari mwingine kabisa.

Medali kutokuwa na jina si dalili ya udanganyifu. Nyota na medali za kampeni za Uingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila jina. Za Vita vya Kwanza ndizo zilizogongwa jina na namba. Ila kila nyota imeandikwa jina lake kwenye duara la katikati: "The 1939–1945 Star", "The Africa Star", "The Burma Star". Soma hapo. Usitegemee utepe, kwa sababu tepe huoza na watu hubadilishana. Na tafadhali, msizisugue kwa ndimu na majivu wala kwa Brasso; maandishi yanalika kidogo kidogo mpaka hayasomeki. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kitukuu_wa_Keya

Asante sana, mkuu. Nimezisoma: moja ni 1939–1945, nyingine ni Burma. Ya mviringo ina simba amesimama juu ya joka.

Ramani_na_Tarehe

Ya mviringo ni War Medal 1939–1945. Mnao ushahidi mzuri kuliko mnavyodhani.

"TT" ni Tanganyika Territory. K ilikuwa Kenya, U Uganda, NY Nyasaland (Malawi ya sasa). Batalioni ya 36 ilikuwa kwenye Brigedi ya 26 pamoja na ya 22 ya Nyasaland na ya 44 ya Uganda, chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Ulizeni wazee kama kuna anayemkumbuka babu akitaja kifaru begani.

Divisheni hiyo ilikwenda Ceylon (Sri Lanka ya sasa) 1943, ikaingia vitani 1944 katikati ya masika ya Asia. Ikateremka bonde la Kabaw kutoka Tamu, barabara zikiwa tope tupu na chakula kikidondoshwa kwa ndege. Malaria na homa ya utitiri wa msituni (scrub typhus) viliwaangusha watu wengi. Kalewa, kwenye mto Chindwin, ilichukuliwa mwanzoni mwa Desemba 1944, na mwezi huohuo likajengwa pale daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa, lenye urefu wa futi 1,154. Wajukuu wakifungua ramani wafuate mstari huo: Tamu, Kalemyo, Kalewa.

Kuhusu Bukini, tahadhari. Batalioni ya Tanganyika iliyokwenda Madagaska 1942 na Brigedi ya 22 ni 1/6, si 36. Askari walihamishwa kutoka batalioni moja kwenda nyingine, kwa hiyo haiwezekani kusema hakufika, lakini cheti na medali havisemi hivyo. Uhabeshi vilevile: vita vya huko vilihesabiwa kwa Africa Star. Kwenu haipo. Huenda ilipotea, huenda hakupewa, huenda habari ni ya ndugu yake. Andikeni "kwa simulizi".

Na Burma Star nayo msiibebeshe zaidi ya uwezo wake. Waliokuwa Assam na Bengal, upande wa India, ndani ya tarehe zilizowekwa waliipata pia. Inathibitisha eneo na wakati tu.

Shajara za vita za vikosi vya Burma ziko Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, fungu WO 172. Mwenye ndugu huko anaweza kupiga picha bila malipo akishapata kadi ya msomaji. Zinataja maofisa kwa majina, askari kwa nadra mno, lakini zinaeleza kikosi kilikuwa wapi siku kwa siku.

Bi_Simulizi

Ndugu, jina kukosekana CWGC ni sahihi kabisa, wala lisiwaumize. Tume hiyo huandika waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Babu alirudi salama. Familia nyingi zimemshuku mzee wao bure kwa kutojua hili. Watafuteni humo wenzake wa kijiji ambao hawakurudi. Wengi wasio na kaburi linalojulikana wako kwenye mnara wa Rangoon ndani ya makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Jaribuni tahajia zote: karani aliandika alichosikia, mara nyingi jina moja na la baba baada ya "s/o" (mwana wa), na R na L zikibadilishana.

Hata hivyo, kwa waliobeba mizigo Vita vya Kwanza msitegemee orodha hiyo. Ripoti ya tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo ya Dar ina jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Kama ukoo wenu una jina la mpagazi, simulizi ya bibi ndiyo orodha pekee.

Mkiwahoji wazee, msiulize mwaka. Ulizeni nani alikuwa amezaliwa babu alipoondoka, mama yake alikuwa hai, njaa au nzige gani walikuwapo, nani alilima shamba lake, fedha zilifika nyumbani kwa njia gani. Bibi aliyebaki na watoto miaka ile naye aandikwe, kwa jina lake la kuzaliwa. Kila simulizi iwe na msemaji, uhusiano wake na babu, mahali na tarehe ya mahojiano. Wawili wakipingana, wekeni zote mbili, kila moja na mwenyewe.