Kazi gani mnaiona haina maana? Kwangu ni unyapara wa mkonge

Mwana wa Kambini (Makorora, Tanga):

Assalaam aleikum jamani, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina swali, na ningependa wajibu watu waliokula jasho lao. Kazi gani wewe unaiona haina maana, yaani ikiondolewa kesho asubuhi hakuna kitakachoharibika? Sisemi kazi ngumu wala kazi chafu. Anayezibua vyoo hapa Ngamiani kazi yake ni chafu, lakini asipoonekana siku mbili mtaa mzima unamtafuta.

Yangu ni unyapara wa shamba la mkonge.

Baba yangu alikata mkonge upande wa Muheza tangu ujana wake. Babu aliletwa kutoka Kigoma enzi za manamba, wakati wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyoanzishwa 1944. Watu walisombwa kutoka Kigoma, Songea, hadi Msumbiji, waje kuhudumia mmea ambao wenyewe ni mgeni kama wao. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai Kikogwe, kule Pangani, ilikuwa 62 tu. Mkonge wa Tanga ulianzia hapo.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi mnaupita mkonge mkiwa ndani ya basi. Mkataji anaamka usiku ili awahi kabla jua halijawa kali. Anashika jani, anakata, anaondoa mwiba wa nchani, anapanga majani 30, anafunga mzigo, anaubeba mpaka kando ya njia ya trekta. Kisha anarudi kuanza mwingine. Maji ya mkonge yanawasha ngozi, na mwiba ukilipata jicho, jicho limekwenda. Baba alikuwa akijifunga vipande vya mpira wa tairi miguuni na bado mama alimchomoa miba kila jioni kwa sindano ya kushonea. Na malipo ni kwa mita, yaani kwa wingi wa mizigo: ulichokata ndicho unacholipwa. Usipokata, huna kitu.

Sasa mtu kama huyo, ambaye njaa yake mwenyewe inamsimamia, unamwekea mwenzake nyuma na fimbo kwapani ili iwe nini?

Mnyapara wa zamu ya baba alikuwa akipita kwenye mizigo na kusema "huu mfupi, huu haujatimia", na mzigo huo unaachwa palepale bila kuhesabiwa. Trekta likija linaupakia uleule. Ukifika korona, yaani kiwandani, unasagwa kama mingine, singa (nyuzi za mkonge) zinaanikwa, zinauzwa. Aliyeukata ndiye peke yake asiyepata kitu. Nimekua naliona hilo.

Na mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kamba za nailoni zilipoingia, bei ikaanguka, mashamba yakaanza kufa. Shambani kwetu walipunguza wapaliliaji, wakapunguza waanikaji. Wanyapara hawakuguswa. Nyasi zikaufunika mkonge, na mtu bado yuko na fimbo yake anasimamia nyasi.

Haya, semeni na zenu.

Suka wa Kange:

Mpiga debe. Abiria kakata tiketi kwa simu akiwa kitandani kwake Chumbageni, namba ya kiti anayo, jina la basi analo. Anashuka bodaboda hapa stendi, jamaa watatu wanamnyang'anya begi wampeleke kwenye basi analolijua. Kisha wanageuka kwangu wanadai chao. Nimeendesha njia ya Dar muda mrefu na sijaona abiria hata mmoja aliyeletwa na hao. Wakati fulani mama wa watu alivutwa mkono huku na huku, mtoto mgongoni analia. Inaniudhi sana.

Mama Pongwe:

Waalaikum salaam mwanangu, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho na nimesikitika kwa baba yako. Miye nilikuwa karani wa shamba, si kwenu, ila mkonge nimeula na kuulala. Mzigo uliokataliwa kisha ukapakiwa ni wizi, na aliyeufanya ni mwizi. Lakini usichanganye mwizi na kazi.

Mkonge haukatwi kama majani ya ng'ombe. Unakatwa majani ya chini yaliyokomaa, ya juu unayaacha ya kutosha ili mmea uendelee kula na kukua. Sasa mkataji analipwa kwa mita, na ile mistari mizuri ya majani marefu imeisha, jua limepanda. Atafanya nini? Atapandisha kisu juu, achukue na yale machanga yaliyo karibu na moyo. Ni binadamu, simlaumu, ana watoto. Lakini mmea ulionyolewa hivyo unadumaa. Jani linalofuata linakuja fupi, na jani fupi lina singa fupi, na singa fupi bei yake ni ndogo. Mkonge unaishi miaka mingi kabla haujatoa mlingoti wa maua na kufa, kwa hiyo asubuhi moja ya kisu kibaya shamba linaibeba muda wote huo.

Na singa yenyewe ni kidogo mno. Katika kilo 100 za majani unapata kama kilo 4, mengine yote ni maji na takataka. Ukipoteza urefu wa jani hapo umebaki na nini? Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kuangalia.

Kijana wa Raskazone:

Dalali wa vyumba. Kunionyesha mlango tu, kodi ya mwezi mzima. Mwenye nyumba anakaa nyumba ya pili!

Mwana wa Kambini:

Kijana, nakuunga mkono, bandika kibao "chumba kinapangishwa" na mambo yameisha.

Mama yangu, ahsante kwa heshima uliyonijibu nayo. La kukata juu sana nalijua, na una haki. Lakini hiyo uliyoieleza ni kazi ya mkaguzi. Anapita kwenye mstari uliokwisha kukatwa, anaangalia mmea kwa mmea, palipoharibika anamwita aliyekata amwonyeshe. Hiyo ni kazi, tena yenye ujuzi, naiheshimu. Ninayoikataa ni ile ya kusimama tangu alfajiri juu ya kichwa cha mtu aliyeinama, humfundishi, humsaidii kubeba, na mwisho wewe peke yako ndiye unayeamua alikata mingapi. Na huyo mkaguzi akipewa tena na daftari la hesabu, mama, kishawishi ni kilekile. Anayeangalia mmea asiwe ndiye anayehesabu mizigo.

Mkataji, Hale:

Habari za jioni. Mimi ndiyo kazi yangu mpaka leo, nimetoka shamba mchana huu.

Siku hizi huku Korogwe nakata pia kwenye vipande vya wakulima wadogo walio kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Huko hakuna mnyapara. Mwenye kipande anakuja mwenyewe au anamtuma mwanawe, tunatembea mstari wa kwanza pamoja, anakata mmea mmoja anasema "usipite hapa". Basi, anaondoka. Anarudi kuhesabu, yeye ana daftari na mimi nina langu. Mama hapo juu amesema kweli kuhusu kisu, mkonge wa hivyo naukuta kila mara kwenye mashamba yaliyokatwa vibaya, na hayo yalikuwa na wasimamizi tele.

Mkiniuliza mimi, shambani anakosekana mtu wa maji. Ikifika saa nne chupa niliyotoka nayo nyumbani imekauka, na kurudi kambini ni mbali, nikienda nimepoteza mita. Mwenzangu alianguka kwa jua, tukamkalisha chini ya trekta ndiyo kivuli pekee. Kama mshahara wa mtu wa kusimama upo, alipwe mtu alete maji na awe na dawa ya jicho mfukoni. Huyo hata akitembea na fimbo hatumwulizi.

Mama Pongwe:

La maji umenishika, mwanangu. Sisi tulikuwa na pipa pale kwenye njia ya trekta, na mara nyingi lilikuwa tupu. Na la daftari pia. Enzi zangu daftari lilikuwa moja, langu. Sikumbuki mkataji hata mmoja aliyekuja na lake, wala hatukuwaambia waje nalo. Mwana wa Kambini, hapo nakubaliana nawe, hesabu na ukaguzi vitenganishwe.

Mwana wa Kambini:

Ndugu wa Hale, pole kwa kazi. Hilo daftari lako, siku ya malipo linakubaliwa? Au ni la kujifariji tu?

Mkataji, Hale:

Linakubaliwa, ila kwa sharti. Tukitofautiana tunarudi kwenye mizigo tuhesabu upya wote wawili, palepale, kabla trekta halijaja. Likishapakia, imetoka hiyo.