Msaada: FreeBSD inasema "unknown printer" wakati CUPS inaiona printa

Mwanagenzi
Habari zenu wakuu. Nina mashine ya FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) na printa ya leza iliyoko kwenye Wi-Fi. Nimefunga cups (mfumo wa kuchapisha) na cups-filters (vichujio vyake) kwa pkg, nikaweka cupsd_enable="YES" kwenye rc.conf, nikaiwasha huduma. Printa nimeiongeza kwa lpadmin. Nikifungua localhost:631 kwenye kivinjari naiona imekaa vizuri kwa jina la ofisi. Ila kwenye terminali:

lpr barua.pdf
lpr: lp: unknown printer

Kuna aliyeniambia niandike /etc/printcap (faili la orodha ya printa) kwa mkono, mwingine anasema nifute kila kitu nianze upya. Nimfuate nani? Natanguliza shukrani.

Kijishetani
Usifute kitu mkuu. Jibu limo humo humo kwenye ujumbe: printa yako inaitwa ofisi, sasa huyo "lp" katoka wapi? Andika which lpr. Nabashiri utapata /usr/bin/lpr. Hiyo ni lpr ya lpd, mfumo wa kuchapisha wa tangu enzi za Berkeley, unaokuja na FreeBSD yenyewe. Usipoitajia printa, inaenda kwenye /etc/printcap kutafuta iliyoandikwa lp. Lpr ya CUPS ni nyingine kabisa, iko /usr/local/bin, na kazi yake ni kuongea na cupsd, huduma ya CUPS. Jina moja, programu mbili, na kwenye PATH (orodha ya saraka ambamo shell hutafuta amri) ya kawaida ya FreeBSD /usr/bin hutangulia.

Jaribu hivi:

/usr/local/bin/lpr -P ofisi barua.pdf

Ikikubali, weka alias (jina la mkato) kwenye shell yako. Usisahau lp, lpq na lprm, nazo zina pacha. Lpstat haina mwenzake, kwa hiyo hiyo ukiiita ujue unaongea na CUPS tu.

BabuPrintcap
Mimi nitasema tofauti. Kama printa yako inaelewa PostScript (lugha ya kuieleza printa ukurasa ulivyo), hiyo CUPS ya nini? Mistari michache ya printcap, kipengele cha rm kikielekeza kwenye anwani ya printa, mkdir ya spool (saraka ya foleni), lpd_enable="YES", umemaliza. Hakuna seva ya wavuti, hakuna rundo la vichujio. Zangu zinachapa hivyo miaka na miaka.

Kijishetani
Babu, "kama" hiyo ndiyo yenye kesi. Printa nyingi za bei nafuu hazielewi PostScript. Ukizitumia faili ghafi zinakutemea karatasi moja baada ya nyingine, ya kwanza juu imeandikwa %!PS-Adobe, zinazofuata msimbo mtupu, mpaka ukimbilie kuchomoa waya. Na hata maandishi ya kawaida yanaweza kutoka kama ngazi, kila mstari unaanzia pale wa juu yake ulipoishia, kwa sababu Unix inamaliza mstari kwa LF (kushuka mstari) peke yake na printa inangoja CR (kurudi mwanzo wa mstari) pia. CUPS inakugeuzia faili kuwa lugha ambayo printa imesema inaielewa. Ndiyo kazi ya hayo unayoyaita rundo.

BabuPrintcap
Ngazi inatibika kwa kichujio cha mistari mitatu. Lakini sawa, yeye ana PDF, sibishi.

Mwanagenzi
Which imejibu /usr/bin/lpr, kama ulivyosema. Nimetumia njia kamili, "unknown printer" imeondoka, imekuja nyingine: Destination "ofisi" is not accepting jobs. Amri niliyoiongezea printa ni hii:

lpadmin -E -p ofisi -v ipp://192.168.1.40/ipp/print -m everywhere

KibodiChakavu
Nimeliona. Hiyo -E imekaa mbele ya -p. Kwenye lpadmin herufi hiyo ina maana mbili kulingana na mahali ilipo: ikitangulia -p inadai mawasiliano na seva yasimbwe, ikifuata -p ndiyo inayoiwasha printa na kuiruhusu kupokea kazi. Waliobuni hili sijui walikuwa wanamkomoa nani. Kwa hiyo foleni yako imeundwa, lakini imezimwa na mlango umefungwa. Huna haja ya kuiunda upya. Ukiwa root:

cupsenable ofisi
cupsaccept ofisi
lpadmin -d ofisi

Ya mwisho inaifanya iwe printa ya msingi, hutahitaji -P tena. Kisha lpstat -t uone hali yote kwa pamoja. Hiyo -m everywhere iache kama ilivyo, ni chaguo zuri: CUPS inaiuliza printa yenyewe kwa IPP (itifaki ya kuchapisha kwenye mtandao) inaweza nini, hutafuti draiva wala PPD (faili la maelezo ya printa). Tena PPD zimepangiwa kuondolewa kwenye CUPS 3, kwa hiyo tuzoee.

Mwanagenzi
Imetoka!! Barua nzima, pande zote mbili za karatasi. Asanteni sana wakuu. Swali dogo: hiyo 192.168.1.40 imetolewa na ruta. Ikibadilika?

KibodiChakavu
Itabadilika siku una haraka. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uifunge anwani hiyo kwa MAC (namba ya kifaa cha mtandao) ya printa. Kuna njia ya dnssd pia, inaitafuta printa kwa jina, ila FreeBSD itakubidi uendeshe avahi-daemon (huduma ya kutafuta vifaa kwenye mtandao), na kwa printa moja naona ni kazi ya bure.

Kijishetani
Na siku ikigoma tena, kabla hujaja huku: cupsctl --debug-logging, tuma kazi moja, soma /var/log/cups/error_log kuanzia chini, kisha cupsctl --no-debug-logging, maana ukiiacha hiyo logi itajaa vibaya sana.

Mwanagenzi
Nimeshaifunga kwenye ruta. Hiyo ya logi naiandika pembeni.

BabuPrintcap
Siku ukipata printa ya PostScript nitafute.