Walimu watatu kupimwa kwa lengo moja la wanafunzi, ni haki kweli?

MwlDarasaLaPili
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naomba mawazo hasa ya walimu wenzangu wa msingi.

Darasa la pili kwetu lina mikondo mitatu na walimu watatu, mimi peke yangu nina watoto 94. Juzi mwalimu mkuu katuita akasema kwenye PEPMIS ya Julai, yaani ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, hataki kila mtu aje na lengo lake, tukae tuandike lengo moja la kusoma halafu tutathminiwe wote kwa jinsi watoto walivyopanda. Wazo lenyewe sijalikataa, maana mtoto akifika la tatu hajui kusoma hakuna anayeuliza alitoka mkondo gani. Ila mkondo C umepokea watoto wengi waliohamia kutoka shule nyingine, na mwenzetu wa B anaanza likizo ya uzazi Agosti, siku 84 hizo, darasa lake tutaligawana. Sasa wakishuka na mimi nashuka nao? Na mimi nikilegea si nitakuwa nimejificha nyuma ya wenzangu? Aliyewahi kupimwa hivi aniambie ilikuwaje.

chaki_nyeupe
Mwalimu usikubali kabla hujauliza wanapima nini. Enzi za OPRAS, ule mfumo wa tathmini wa kabla ya PEPMIS, tulikuwa tunaandika "ufaulu utapanda hadi asilimia 80" shule nzima maneno yaleyale, tunasaini, basi imeisha hiyo. Ufaulu sio ukuaji. Nina dogo mmoja mwezi wa pili "baba" alikuwa anasoma "dada", b na d kwake kitu kimoja, leo anasoma baba vizuri kabisa ila "mbuzi" bado anasema "buzi". Ukihesabu wanaosoma kwa ufasaha huyo ni sifuri, wakati mimi nimekaa naye mapumziko miezi mitatu chini ya mti. Lengo lisilomuona mtoto kama huyo mimi siliwekei sahihi.

Teacher_wa_Kisii
Huku Kenya tuko na TPAD, tathmini ya utendaji wa walimu, tangu 2016, lakini malengo ni ya mtu binafsi. Nimeona kitu kimoja, watu wanaficha. Mwenzako akipata mbinu nzuri ya kufunza kusoma hakuambii, kwa sababu kila mtu anatafuta alama zake na ushahidi wake wa kupakia. Kwa hivyo hiyo ya pamoja usiikimbie haraka, mimi ningeitamani.

mwl_ughaibuni
Nafundisha Marekani, jimbo la Washington, na hii kitu iko kwenye sheria yetu ya tathmini kwahiyo naomba niseme kwa kirefu kidogo. Tunapimwa kwa vigezo 8, vitatu vinagusa ukuaji wa wanafunzi: kimoja kikundi cha watoto wanaohitaji msaada zaidi, kingine darasa zima, na cha nane ndio lengo la timu kama hilo lenu. Ukuaji maana yake badiliko kati ya vipindi viwili, yaani lazima ujue mtoto alianzia wapi. Na rubriki, yaani mwongozo wa kutoa alama, niliyoanza nayo kwenye hicho cha nane haikuwa inauliza watoto wangapi wamefaulu, ilikuwa inauliza kama wewe ulikaa na wenzio mkapanga lengo, mkakubaliana kipimo, mkafuatilia mwaka mzima. Lengo ni la wote ila alama ni ya mchango wako. Mwaka 2014 jimbo hili likanyang'anywa msamaha wa kutofuata baadhi ya masharti ya sheria ya elimu ya serikali kuu kwa sababu lilikataa kulazimisha mtihani wa jimbo uingie kwenye tathmini ya mwalimu.

Sasa angalia Florida. Mwalimu wa darasa la kwanza alipewa alama kutokana na mtihani wa watoto wa shule nyingine ambao hajawahi kuwafundisha, yeye na walimu wenzake wakaenda mahakamani 2013, na jaji akasema wazi kwamba sio haki ila haivunji katiba, wakashindwa. Hiyo nayo inaitwa alama ya pamoja. Kwahiyo muulizeni mkuu wenu, ni ya Washington au ya Florida?

chaki_nyeupe
Hapo umenifungua macho mkuu. Niongeze moja, mwaka wa PEPMIS ni Julai hadi Juni na watoto wanapanda darasa Januari. Mkipima Julai halafu mkarudi Juni mtawapima watoto wengine kabisa! Kipimo cha pili kiwe Novemba kabla ya kufunga, hawahawa wa mwanzo.

MwlDarasaLaPili
Asanteni sana, hilo la Januari hakuna aliyeliwaza hata mkuu mwenyewe. Leo tumekaa watatu tukaandika hivi: Julai kila mtoto anasomeshwa mmoja mmoja, silabi, maneno, sentensi, na anayesikiliza sio mwalimu wa mkondo wake. Mhamiaji anapimwa wiki aliyoingia. Wa mkondo B tumewagawa 31 kwangu wengine C, na mwenzetu kaanza kutuandikia kila mtoto amekwama wapi, jana kanipa kurasa nne, mmoja kaandika "anajua zote ila haoni ubaoni, akae mbele". Kesho tunampelekea mkuu, nitaleta mrejesho.

Teacher_wa_Kisii
Mwambie huyo mwalimu wa kurasa nne ajifungue salama.