Tupeane uzoefu: wafumaji, masonara na wapenzi wa kazi za mikono, Tabora na Kigoma

Mfumaji_Isevya: Mwangaluka ndugu zangu. Jana nimemaliza kitambaa cha meza cha uzi wa pamba, nikakitia wanga wa muhogo, nikakitandaza juu ya mkeka na kukibana kwa pini ukingo mzima. Asubuhi kimekauka, kila ua limesimama mahali pake. Furaha hii dukani haiuzwi. Wewe ulianzaje, na siku gani kazi ilikutesa?

Mama_Nasra_Ujiji: Umenikumbusha mbali sana. Kwetu baada ya Alasiri kina mama walikaa barazani, kila mmoja na sindano yake ya ndoano. Shangazi ndiye aliyenifundisha duara: anza na vitanzi 6, mzunguko wa pili viwe 12, wa tatu 18, kila mzunguko ongeza 6. Usipoongeza kinajikunja kama bakuli, ukizidisha ukingo unajaa mawimbi. Hadi leo nikiwa na mawazo nachukua sindano, nahesabu, na usingizi unakuja.

Jirani_Gungu: Kweli kabisa mama.

Sonara_Ngambo: Mimi ni fedha. Watu wanadhani utamu uko kwenye kung'arisha, lakini uko kwenye waya. Unagonga fedha mpaka inakuwa ngumu, ukilazimisha inapasuka. Basi unaipasha moto kwenye kivuli, ikianza wekundu wa mbali unaizamisha majini, inalainika tena. Unachonga ncha kwa tupa, unaivuta kwenye chuma chenye matundu, tundu kubwa kwenda dogo. Nilifundishwa na mjomba, na kila nikivuta naisikia sauti yake: "Taratibu, haikimbii."

Binti_Kitete: Sikutaka kuandika ila sonara umenigusa. Bibi alituachia mkufu wa rupia za Mjerumani, zile sarafu za fedha zenye mzungu aliyevaa kofia yenye ndege tai juu yake. Mama yake alipewa na mumewe, aliyefanya kazi ya reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Dada yangu alipoposwa, kikao cha ukoo kikaamua mkufu uyeyushwe, atengenezewe bangili. Wazee wakishasema, nani abishe? Nikatumwa mimi.

Fundi akatoa rupia ya kwanza, akaiweka kwenye chungu chake kidogo, akanyunyizia boraksi, ule unga wa kusaidia fedha iyeyuke vizuri, akawasha moto. Nilikuwa nimeinama pale pale. Kwanza ikawa nyeusi, halafu nyekundu, na sura bado ipo, masharubu unayaona. Ghafla ukingo ukalegea, kofia ikazama, uso ukafutika, likabaki tone linalozunguka na kung'aa. Nikapiga kelele, "Simamisha, baba, simamisha!" Watu wa duka la jirani wakaja mbio wakidhani nimeungua. Nilikuwa nalia nashindwa kusema. Nikamwona bibi akiuvaa mkufu ule Idi, sarafu zikigongana akitembea.

Nilirudi na rupia zilizobaki. Shangazi hakunisemesha mpaka harusi ikapita. Lile tone fundi alilifua likawa kifungo cha mkufu, na dada aliolewa nao shingoni.

Jirani_Gungu: Dada umeniliza nikiwa kwenye daladala.

Mzee_wa_Stesheni: Binti, ulifanya la maana. Rupia ile ni gramu zaidi ya 11, fedha 917 kwa 1000. Na sisi wa Tabora tuna deni na sarafu: mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walizitengeneza hapa hapa Tabora, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Kuyeyusha vitu hivi ni kuua kumbukumbu.

Sonara_Ngambo: Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubali. Riale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za Austria, zimeyeyushwa miaka mingi zikawa vikuku. Tusingeyeyusha, bibi zetu wangevaa nini? Fedha ni ya kuvaliwa.

Mzee_wa_Stesheni: Usizilinganishe. Riale ziliendelea kupigwa miaka na miaka kwa tarehe ile ile ya 1780, ziko tele. Rupia za fedha za Mjerumani ziliishia 1914.

Mama_Nasra_Ujiji: Jamani, na sisi wa vitambaa tumekwenda wapi?

Fatu_Mwanga: Tupo mama. Ila dada Kitete, mkufu ukiwa mweusi usugue kwa majivu na limau, utawaka.

Sonara_Ngambo: Hapana! Majivu yanakwaruza, sura itaisha bila moto. Bangili ya kawaida itie kwenye maji ya moto yenye magadi, chini utandike karatasi ya alumini. Sarafu za zamani ziache na weusi wake.

Fatu_Mwanga: Mama yangu ametumia majivu maisha yake yote, bangili zake zinawaka kuliko zako.

Mfumaji_Isevya: Mkimaliza, nisaidieni: wateja wanataka nyuzi za sweta kwa sababu ni za bei rahisi.

Mama_Nasra_Ujiji: Kataa. Nyingi ni za plastiki, pasi ya moto ikigusa tu zinayeyuka. Pamba inafuliwa, inatiwa wanga, inarithiwa.

Fatu_Mwanga: Wauzie tu, wasipige pasi.

Jirani_Gungu: Binti yangu amesoma yote haya anataka kuanza. Nimnunulie sindano gani?

Mama_Nasra_Ujiji: Ya milimita 4, na pamba nene ya rangi nyepesi ili avione vitanzi. Rangi nyeusi asiguse kwanza. Umlete Ujiji Jumamosi, baraza ipo.