Makala (mkaa), gesi, umeme au peleti: kwa familia ya kipato kidogo Goma, ipi inalipika?

MamaMajengo

Wapendwa, salamu kutoka Majengo. Sisi ni akina mama wa likelemba moja, yaani upatu wa kupeana pesa kwa zamu, na safari hii tumekubaliana pesa ya zamu isinunue vitenge, inunue moto wa kupikia. Karibu wote tunatumia mbabula, jiko la makala. Makala tunanunua kwa kopo, leo mbili, kesho tatu, kwa sababu bei ya gunia zima haiingii mkononi kwa siku moja. Nyumba zetu ni za mbao. Mvua ikianza, mbabula inaingia ndani na watoto wanakohoa hadi usiku.

Tunafikiria bombone, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria ya presha ya umeme, mbabula ya udongo inayokula makala kidogo, au peleti za mbao, vipande vidogo vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, tulizosikia habari zake kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda. Naomba mlinganishe kwa kuanzia hapa: mama anayekula leo pesa ya ndizi alizouza leo, atalipaje?

MuuzaGesi_Birere

Salamu Mama. Mimi nauza gesi, nisomeni mkijua hilo.

Kilo moja ya gesi ina joto la megajuli 46 hivi, na jiko zuri linafikisha zaidi ya nusu yake kwenye sufuria. Kilo ya makala ina karibu megajuli 29, lakini kwenye mbabula ya bati sehemu kubwa inakwenda na upepo; inayofika kwenye chakula ni kama moja ya tano. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inapika kile ambacho kingemaliza kilo nne hivi za makala. Weka makala ya kopo lako kwenye mizani, tafuta bei ya kilo, zidisha kwa nne. Bei ya kilo ya gesi ikiwa chini ya hapo, gesi imeshinda.

Anayenunua kwa kopo ndiye anayelipa kilo ya makala kwa bei ya juu kuliko wote. Mwenye gunia analipa nafuu. Kinachomfungia mama mlango ni kuanza: bombone, jiko, mpira wa kupitisha gesi, halafu kujaza kilo zote 6 kwa mkupuo.

Chukudu_Ndosho

Kaka wa Birere, hesabu naikubali, lakini makala inauzwa alfajiri na inauzwa usiku, mlangoni kwa mtu, hata kwa deni ukifahamika. Gesi ikikata sombe ikiwa motoni, mama apande pikipiki na bombone hadi Birere? Na gesi yenu inatoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwa malori. Mpaka ukisumbua kidogo tu, bei inaruka. Makala haiulizwi pasipoti. Mimi nabeba magunia kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, watoto wangu wanasoma kwa kazi hiyo, msiiongelee kama wizi.

Yaya_Himbi

Hakuna anayekuita mwizi, mdogo wangu. Lakini sehemu kubwa ya makala ya Goma imetoka Virunga, hifadhi iliyokuwepo tangu 1925, na kuchoma makala humo ni marufuku. Gorila waliouawa mwaka 2007 uchunguzi ulihusisha na biashara hiyo hiyo. Tanuri la kufunika kwa udongo linakula kilo sita, saba za kuni, mara nyingi zaidi, kutoa kilo moja ya makala. Kuna makala halali: wakulima waliopanda mikaratusi na miti mingine kwenye mashamba yao kupitia mradi wa EcoMakala, ulioanza 2007. Haitoshi mji mzima, ila inaonyesha biashara yako inaweza kubaki bila msitu kuisha.

Mbabula ya udongo inapunguza makala kwa theluthi, hata nusu ikitengenezwa vizuri, na bei yake ya kuanzia ndiyo ndogo kuliko zote. Ni hatua ya kweli. Lakini Mama, haiwafai mvua inaponyesha: makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu waliolala.

Peleti za Gisenyi zilikuwa za kampuni ya Inyenyeri. Walimpa mteja jiko lenye feni bila malipo, wao wakaishi kwa kuuza peleti. Wa vijijini walileta kuni na kurudi na peleti. Moto wake ulikuwa safi kweli. Kampuni ikafunga, na jiko la peleti bila peleti ni chuma tu. Msiweke pesa ya likelemba kwenye moto wenye muuzaji mmoja.

Mwanafunzi_Katindo

Wakubwa, na gesi ya ziwa letu? Mbona hatuipikii?

FundiStima

Gesi ya Ziwa Kivu ni metani. Ya bombone ni propani na butani, zinazogeuka kimiminika kwa shinikizo dogo, ndiyo maana zinakaa kwenye mtungi mwepesi. Metani inahitaji shinikizo kubwa sana au bomba hadi nyumbani. Upande wa Rwanda, KivuWatt wanaichoma kutoa megawati 26 za umeme. Kwetu Kongo serikali ilipiga mnada vitalu vitatu vya gesi ya ziwa mwaka 2022. Kwa sufuria ya Mama mwaka huu, tuiache.

Umeme sasa. Kituo cha Matebe kule Rutshuru, cha megawati karibu 13, kilizinduliwa Desemba 2015, na mitaa kadhaa ya Goma ina mita ya kulipa kabla. Uzuri wake kwa swali la Mama: unanunua yuniti kwa simu kwa pesa uliyonayo leo, na tangu mabenki yafungwe mwanzoni mwa 2025 simu ndiyo pochi ya wengi. Sufuria ya presha inaivisha maharagi kavu kwa karibu nusu yuniti. Jiko la sahani la umeme linakula mara mbili au zaidi kwa sufuria hiyo hiyo, msilinunue. Ila waya zichunguzwe kwanza. Nyumba ya mbao iliyounganishwa kwa waya wa jirani isiwekewe kitu cha wati 1000. Na bugali huwezi kuusonga vizuri ndani yake.

MamaMajengo

Asanteni. Wengi wetu tuna waya wa jirani, hivyo umeme hapana kwa sasa. Gesi inanitisha kwa sababu ya hizo mbao.

MuuzaGesi_Birere

Hofu hiyo ni ya haki. Mama, mazuku unayajua: hewa nzito inayolala mabondeni na kuua mbuzi. Gesi ya bombone ikivuja nayo inalala chini, tofauti ni kwamba hii inawaka. Bombone isikae shimoni wala chini ya kitanda, na mlango uwe na upenyo chini. Ukisikia harufu, usiwashe kitu, funga kichwa cha bombone, fungua mlango. Mpira jaribu kwa maji ya sabuni. Na usikubali kamwe mtu akuhamishie gesi kutoka bombone kubwa kwenda ndogo uani: bombone inatakiwa kubaki na nafasi ya juu, isipobaki jua likipiga ni hatari. Uzito wa bombone tupu umechorwa kwenye chuma. Pima mbele ya muuzaji.

Kuhusu malipo, Kenya na Tanzania kuna bombone zenye mita, mtu analipia kwa simu gesi ya siku. Hapa likelemba yenu inaweza kuwa hiyo mita. Zamu inanunua bombone na jiko; kisha kila jioni kila mama anaweka kwenye sanduku pesa ile ile aliyokuwa akiwapa wauza makala. Siku ya kujaza, pesa ipo.

Yaya_Himbi

Na maharagi yalowekwe usiku kucha, gesi itadumu. Wanaoshindwa kuanza zamu hii wachukue mbabula ya udongo, wapikie nje.

MamaMajengo

Tutafanya hivyo. Nyumba kumi, mtaa mmoja. Ila swali la Chukudu halijajibiwa: ikikata usiku?

MuuzaGesi_Birere

Nyumba kumi zinanitosha kuacha bombone mbili za akiba na mizani kwa mwenye duka wenu, naye apate faida yake kwa kila moja, mradi duka liwe na hewa na lisipike ndani. Ninachohitaji ni mbebaji wa kuaminika kutoka Birere.

Chukudu_Ndosho

Zinabebwaje?

MuuzaGesi_Birere

Wima, vichwa vimefungwa, kamba mbili, bila makala juu ya mzigo huo. Nipe namba yako kwa ujumbe wa siri.