Mtoto wa miaka 7 kaanza tena kukojoa kitandani, mama mkwe anataka aimbiwe kikojozi

Mama Wawili: Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kwanza yuko darasa la pili, aliacha kukojoa kitandani tangu ana miaka 4. Mwaka huu tumehama Tanga kuja Dar alafu mdogo wake kazaliwa ana wiki tatu sasa, basi kaanza upya, kila siku anaamka kalowa. Mama mkwe amekuja kuniangalia hii arobaini, jana asubuhi kalianika godoro uani mbele ya wapangaji wote na watoto wa nyumba nzima wakaanza kumwimbia kikojozi. Yule mtoto hata hakulia, kasimama tu kashika ncha ya shuka anaikunjakunja. Imeniuma mno. Baba yake anasema ndo dawa yenyewe. Jamani nifanyeje, na mama mkwe namwambiaje bila kuonekana nimemkosea adabu?

Chuma cha Zamani: Dada usimdekeze, viboko viwili vitatu anaacha. Sisi tulichapwa na tupo wazima.

Mtu wa Songea: Tupo wazima tunasema tu kaka. Mimi nilifungwa chura kiunoni mbele ya binamu zangu, na sikuacha, niliacha miaka miwili baadaye. Nilichojifunza ni kukesha, naogopa kulala usiku, mchana nasinzia darasani nachapwa na huko. Mpaka leo nikipata shida mama yangu ndo anakuwa wa mwisho kujua.

Nesi wa Watoto: Dada, mtoto akikaa mkavu zaidi ya miezi sita alafu akarudia, kwanza akapimwe mkojo na sukari, hasa kama anakunywa maji sana au anakonda. Angalia na choo kikubwa, akifunga kinabana kibofu. Vyote vikiwa safi basi huenda kuna jambo moyoni. Hafanyi kusudi huyo, kalala hajitambui, kumchapa ni kumwonea. Maji anywe ya kutosha mchana, usiku kidogo, akojoe kabla ya kulala, tandika nailoni chini ya shuka, akilowa mbadilishe kimya kimya. Na kila siku japo robo saa akupate peke yake bila kichanga. Mama mkwe mwambie "mama, hospitali wamesema tumfanyie hivi", hapo hujamvunjia heshima.

Mama Wawili: Asanteni sana, narudi na majibu. Vipimo safi. Jana nimemwachia bibi kichanga nikakaa nae jikoni tunachambua mchele, nikamuuliza habari za shule, kanyamaza mpaka ungo unakaribia kuisha ndo anasema choo cha shule hakina mlango na wakubwa wanamchungulia, kwahiyo anajibana toka asubuhi mpaka anarudi nyumbani. Mimi nilishajiaminisha ni wivu wa mdogo wake! Jumatatu naenda kuonana na mwalimu. Kumbe bibi alikuwa mlangoni kasikia yote, hakusema neno. Leo asubuhi nimekuta shuka bibi kaifua mwenyewe, kaianika chumbani kwake.