Ramani yangu ya Usangu inachanganya mpunga na kinamasi, na modeli inapitisha maji kwenye mto uliokauka. Naombeni ushauri

MwanaMbarali
Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili na tasnifu yangu ni ya Ruaha Mkuu, kuanzia vyanzo vya milima ya Kipengere na Uporoto hadi kituo cha kupimia maji cha Msembe (1KA59) ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Swali langu ndilo tulilokua nalo sisi wa Mbarali: mto ambao zamani haukukatika, mbona tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 unakauka kiangazi huko chini?

Nimeainisha matumizi ya ardhi ya Usangu, tambarare ambayo mto huo unapita, kwa picha za satelaiti ya Landsat za mwezi wa nne. Mpunga wa mashamba ya Kapunga na nyasi za kinamasi cha Ihefu vinatoka rangi moja. Ramani hiyo nikaiingiza kwenye SWAT, modeli ya kompyuta inayokadiria mtiririko wa maji ya bonde. Masika modeli inafuatana na vipimo na Nash-Sutcliffe (alama ya jinsi modeli inavyolingana na vipimo, 1 ni sawasawa kabisa) imepita 0.5, lakini Oktoba na Novemba inaniletea maji Msembe wakati kipimo kinasema sifuri. Nimeshauriwa nishushe CN (namba inayoamua mvua kiasi gani ikimbie juu ya ardhi) mpaka mambo yakae sawa, niandike nimalize. Roho inakataa. Mnasemaje?

JarubaNaMto
Roho yako iko sahihi, mkuu. CN ikishuka, mvua inayokimbia juu ya ardhi inapungua na inayozama inaongezeka. Hayo yaliyozama yanarudi mtoni polepole, na yatakufikia kiangazi hichohicho. Utaongeza maji palepale unapotaka yapungue.

Tuanze na ramani. Mwezi wa nne Usangu yote ni kijani na chini kuna maji, kwa hiyo picha za mwezi huo peke yake haziwezi kukutenganishia chochote. Fuata jaruba mwaka mzima: Januari limejaa maji, Aprili mpunga umefunga, Juni au Julai umevunwa, Septemba yamebaki mabua makavu na ng'ombe wanachungwa humo. Kinamasi cha kudumu Septemba bado ni kijani. Basi unganisha picha za mvua na za kiangazi, uifundishe programu ya kuainisha kwa zote pamoja.

Kwa miaka ya karibuni ongeza rada ya Sentinel-1, ipo tangu 2014 na inapenya mawingu. Jaruba lenye maji matupu linatoka jeusi, mpunga ukishakua linang'aa. Miaka ya 1990 utategemea Landsat 5. Chunga sana makovu ya moto wa Agosti hadi Oktoba, ni meusi na programu huyaita maji. Landsat 7 nayo, kuanzia mwisho wa Mei 2003, ina mistari isiyo na data.

BintiWaMufindi
Naungana naye, ila ramani hata iwe nzuri vipi, peke yake haitakausha mto kwenye modeli.

Huku kwetu juu kuna vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uleule unaolisha mito. Ni vipande vyembamba. Ukigawa HRU (vipande vya ardhi ambavyo SWAT huvikokotolea maji) kwa kizingiti cha asilimia 10, yaani kuacha matumizi ya ardhi yaliyo chini ya hapo, SWAT inavifuta na eneo lake inaligawia msitu au malisho, wala hutajua kwamba vimeondoka.

Kubwa zaidi ni Ng'iriama. Maji ya Ihefu hutokea hapo, juu ya mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, hakitoki kitu hata kama kinamasi ndani bado kina maji. Modeli yako haina mwamba! Iweke Ihefu kama bwawa kwenye mto mkuu, na uweke kiwango ambacho maji yakiwa chini yake hayatoki. Bila hivyo sifuri ya Msembe utaitafuta sana, cheza na CN utakavyo.

Na mifereji je? SWAT ikisoma mpunga haijui kwamba maji yametoka mtoni. Lazima uieleze yanachotwa mto gani, mwezi gani, kiasi gani. Mingi haifungwi hata baada ya mavuno.

MwanaMbarali
Asante sana dada, hilo la mwamba sikulifikiria kabisa. Kiasi cha mifereji nikipate wapi? Vibali vya maji vinatosha?

JarubaNaMto
Viombe ofisi ya Bonde la Rufiji, Iringa, ila kibali kinaonyesha kilichoruhusiwa, si kilichochotwa. Nenda kwenye mabanio yenyewe, kaa na jumuiya za watumia maji. Anayeshika geti anajua linafunguliwa lini na linabaki wazi hadi lini. Ukipata kifaa cha kupimia kasi ya maji, pima mifereji michache mikubwa kiangazi.

Kizingiti cha HRU weka 0 kwa mabonde madogo ya juu. Modeli itakuwa nzito, vumilia. Na unapokalibreti usitegemee Nash-Sutcliffe ya kawaida tu, inabebwa na mafuriko ya Machi na Aprili, kosa la Oktoba halionekani kabisa. Kokotoa na ile ya logi ya mtiririko, inayoonyesha makosa ya maji machache, ila kwanza ongeza namba ndogo kwenye mtiririko wote, maana miezi yako ya sifuri haina logi.